Baku: mgeni karibu, lakini kiwanja kina mwenyewe

Bei za nyumba Dubai zikishapanda, madalali hawakosi mji mwingine wa kutangaza. Miaka ya nyuma ilikuwa Istanbul, kisha Tbilisi kule Georgia. Siku hizi jina wanaloletewa sana jamaa zetu walioko Muscat, Doha na Abu Dhabi ni Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, na kupitia simu zao habari hiyo inafika hadi Kisauni na Malindi. Maneno ni yaleyale: nchi ya Kiislamu, iko baharini, bei nafuu, na ukinunua fleti unapata na kibali cha kuishi.

Si uongo. Lakini kila neno katika hayo lina mkia ambao tangazo halina nafasi ya kuutaja, na kwa mtu aliyeweka akiba miaka kumi akiendesha gari la mtu au akilea watoto wa watu Ghuba, mkia huo ndio wenye hesabu. Niseme msimamo wangu mapema. Kwenda kutembea Baku ni jambo zuri na nalipendekeza. Kununua ni habari nyingine.

Azerbaijan ni nchi ya watu kama milioni 10, imebanwa baina ya Urusi upande wa kaskazini na Iran upande wa kusini, na magharibi imepakana na Georgia na Armenia. Mashariki yake ni Bahari ya Kaspi. Ilikuwa sehemu ya Muungano wa Kisovyeti kwa muda wa miaka 70, ikajitangazia uhuru wake mwezi Oktoba 1991. Watu wake wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shia, lugha yao ni ndugu wa Kituruki, na utajiri wao ni mafuta. Mafuta hayo si ya jana. Kisima cha kwanza kuchimbwa kwa mtambo kilichimbwa Bibi-Heybat, pembeni mwa Baku, katika miaka ya 1840, na kufikia mwaka 1900 karibu nusu ya mafuta ya dunia nzima ilitoka katika mji huo. Ndugu wa akina Nobel, ukoo wa yule wa zawadi ya amani, walitajirika hapo.

Utajiri wa sasa ulianza upya mwaka 1994, serikali ilipotia saini na makampuni ya kigeni ule mkataba walioubandika jina la Mkataba wa Karne. Mwaka 2006 mafuta yakaanza kupakiwa kutoka bomba la kilomita 1,768 linalopitia Georgia hadi bandari ya Ceyhan, Uturuki. Pesa zikamiminika. Ndipo yakazuka majengo tunayoyaona kwenye picha: ile minara mitatu yenye umbo la ndimi za moto iliyokamilika mwaka 2012, na kituo cha Heydar Aliyev kilichochorwa na Zaha Hadid, Muiraki wa kuzaliwa, ambacho hakina kona hata moja ya kushikika. Eurovision ilifanyika hapo mwaka 2012, Formula 1 tangu 2016, fainali ya Europa League kati ya Chelsea na Arsenal mwaka 2019, na mkutano wa hali ya hewa wa Umoja wa Mataifa Novemba 2024. Ukitazama vizuri utaona kwamba matukio hayo yote ni ya kuuza jina la mji. Wamefanikiwa, maana miaka 20 iliyopita ni wangapi miongoni mwetu wangeweza kuionyesha Baku kwenye ramani?

Kwa mtalii, mji huo una vitu vya kweli, si vioo vitupu. Mji wake wa kale, Icherisheher, umezungukwa na ukuta wa mawe na uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, mwaka mmoja tu kabla ya Lamu yetu. Mtu wa Mji wa Kale akiingia katika vichochoro vile hatapotea kimawazo: nyumba zimegusana, vibaraza vya mbao vimening'inia juu, na paka wamelala kila kizingiti. Kuna kasri la masultani wa Shirvan, na kuna Mnara wa Bikira ambao wataalamu hadi leo wanabishana ulijengwa lini na kwa kazi gani. Nje ya mji kuna Gobustan yenye michoro ya watu wa kale juu ya miamba, na karibu yake volkano za matope, ambazo Azerbaijan inazo nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Yanar Dag ni kilima kinachowaka moto mchana na usiku kwa gesi inayovuja ardhini. Ukipanda milimani unafika Sheki, mji wa hariri na misafara ya kale, na wakati wa baridi kuna theluji ya kuteleza kule Shahdag na Gabala. Gabala utasikia Kiarabu kama uko Salalah, kwa sababu watu wa Ghuba wamepafanya mahali pao pa kukimbilia joto.

Na chakula. Wao wanajivunia plov, na plov ni pilau yetu, jina na asili ni moja, ila wao mchele wanaupika peke yake kwa siagi na zafarani, nyama na matunda makavu yakaja pembeni. Chai ni ya rangi, katika vikombe vya kioo vyembamba kiunoni, na jamu ya kulamba badala ya sukari. Lugha nayo itakuchekesha: kitabu kwao ni kitab, dunia ni dünya, saa ni saat, habari ni xəbər. Kiarabu na Kiajemi vimepita kwao kama vilivyopita kwetu.

Hilo la "nchi ya Kiislamu" lieleweke vizuri lakini. Serikali ni ya kidunia kabisa, na inalisimamia hilo kwa mkono mzito. Msikiti mkongwe wa Bibi-Heybat ulibomolewa na Wabolsheviki mwaka 1936 na kujengwa upya katika miaka ya 1990, ila adhana ya Baku si adhana ya Muscat. Pombe inauzwa wazi. Wasichana walikatazwa kuvaa hijabu mashuleni mwishoni mwa 2010, na waliopinga wakajikuta mahakamani. Mgeni wa siku tano hataguswa na mambo hayo, atasali na atakula halali bila shida. Anayefikiria kuhamia na familia yake ayapime.

Ya safari niyapitishe haraka. Hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta njia. Ndege za Doha, Istanbul na Dubai zote zinafika Baku, na kutoka Dubai ni kama saa tatu. Raia wa nchi za Ghuba wanapata viza wakifika uwanja wa ndege. Kuna pia viza ya intaneti iliyoanzishwa Januari 2017, ya siku 30, inayotoka kwa siku tatu za kazi, lakini si ya kila pasi: orodha ya nchi iko kwenye tovuti ya serikali yenyewe, na mwenye pasi ya Kenya aisome kabla hajamlipa wakala hata shilingi. Ukikaa zaidi ya siku 15 unatakiwa ujiandikishe kwa idara ya uhamiaji. Na usipange kuvuka kwa basi kutoka Georgia, kwa sababu mipaka ya nchi kavu ilifungwa kwa wasafiri Machi 2020, wakati wa korona, na amri hiyo imekuwa ikiongezwa muda mwaka baada ya mwaka. Nchi inayotangaza utalii huku milango yake ya ardhini imefungwa inakuambia jambo kuhusu nani anayeamua na kwa sababu gani.

Watalii walikuwa zaidi ya milioni 3 mwaka 2019. Mwaka 2024 walifika kama milioni 2.6, kwa hiyo pengo la korona halijazibwa. Wahindi walikuwa wakiongezeka kwa kasi, hadi Mei 2025 India na Pakistan zilipopigana, Azerbaijan ikasimama wazi na Pakistan, na Wahindi wakaanza kususia safari za Baku. Sisi wa Pwani tunajua hoteli inavyokuwa tupu kwa tangazo moja la balozi wa nchi ya mbali. Nayasema haya kwa yule anayeambiwa kwamba fleti yake itajilipa yenyewe kwa kupangisha watalii.

Sasa tuje kwenye nyumba. Sheria ya uhamiaji ya Azerbaijan inasema mgeni mwenye mali isiyohamishika ya thamani ya manat 100,000 au zaidi anaweza kuomba kibali cha kuishi cha muda. Kwa kiwango cha sasa cha manat 1.70 kwa dola, hiyo ni kama dola 58,800, yaani shilingi milioni saba na nusu hivi za Kenya. Ukilinganisha na Dubai ni bei ya chini kweli. Kibali hicho lakini ni cha muda na kinahuishwa, na kibali cha kuishi si kibali cha kazi. Ukitaka kuajiriwa utaanza kuomba upya. Hata hivyo hapa hakuna ulaghai. Sheria ipo na inafanya kazi.

Jambo zito ni ardhi. Mgeni nchini Azerbaijan haruhusiwi kumiliki ardhi. Anaweza kumiliki fleti, anaweza kumiliki jengo, ardhi ataikodi. Kenya nasi katiba ya 2010 inamnyima mgeni umiliki wa kudumu na kumpa ukodishaji usiozidi miaka 99, kwa hiyo siwalaumu Waazeri. Lakini Mmombasa hahitaji kufundishwa maana yake. Majengo, Likoni, Changamwe, kuna watu waliorithi nyumba za babu zao, ukuta ni wao, bati ni lao, na kiwanja ni cha mwenyewe anayedai kodi ya ardhi kila mwezi. Siku mwenye kiwanja anapouza, ndipo mwenye nyumba anapojua alichokuwa nacho. Fleti ya ghorofa ya tisa Baku haifanani moja kwa moja na nyumba ya Kiswahili ya Majengo, kwa kuwa sheria yao inamlinda mwenye fleti iliyosajiliwa. Neno la kushika hapo ni iliyosajiliwa.

Maana katika jiji hilo kuna majengo mengi mapya ambayo watu wanaishi ndani na hayana hati. Hati kamili ya umiliki, inayotoka katika rejesta ya serikali, wenyeji wanaiita kupça, tamka kupcha. Jengo ambalo halijapokelewa rasmi na serikali, kwa sababu mjenzi aliongeza ghorofa zisizokuwemo kwenye ramani, au hakumaliza kulipia ardhi, au faili lake limekwama mahali, haliwezi kutoa kupça kwa wenye fleti. Unachopata ni mkataba baina yako na mjenzi. Fleti hizo zinauzwa rahisi kuliko zenye hati, na urahisi huo ndio unaopendeza kwenye tangazo. Juu ya hapo, fleti nyingi mpya zinauzwa zikiwa kuta zilizopigwa lipu tu: hakuna sakafu, hakuna milango ya ndani, hakuna choo wala sinki. Wao wanaita podmayak, na ni desturi ya soko lao, hakuna aliyekudanganya. Lakini bei ya mita ya mraba uliyotumiwa kwenye simu si bei ya kuingia na kulala.

Kuna la kuuliza pia kuhusu waliokuwa wakikaa pale kabla. Kuanzia mwaka 2009, jiji lilipokuwa likisafishwa kwa ajili ya bustani, barabara na Eurovision, familia nyingi za katikati ya Baku zilitolewa majumbani mwao. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2012 ilieleza watu waliolipwa kwa kiwango kimoja, manat 1,500 kwa mita ya mraba, bila kujali nyumba iko wapi na ina hali gani, na wengine ubomozi ulianza juu yao wakiwa bado ndani. Baadaye ikafuata mitaa ya zamani waliyoiita Sovetski. Hao walikuwa raia, wenye hati, wanaojua lugha na mahakama. Mgeni anayenunua kwa picha akiwa Sharjah ana nini wasichokuwa nacho wao?

Swali hilo linatupeleka kwa wenye nchi. Heydar Aliyev alitawala kuanzia 1993, mwanawe Ilham akashika mwaka 2003 na yuko hadi leo. Kura ya maoni ya 2016 iliongeza muhula wa rais kutoka miaka mitano hadi saba. Mwaka 2017 alimteua mkewe, Mehriban, kuwa makamu wa kwanza wa rais. Uchaguzi wa Februari 2024 alipewa asilimia 92. Waandishi wa habari wa Abzas Media waliokuwa wakichunguza mali za wakubwa walianza kukamatwa Novemba 2023 na kuhukumiwa vifungo virefu Juni 2025. Baadhi ya wasomaji watasema utulivu ndio mwekezaji anachotaka, na kwa kiasi fulani wana haki. Mitaa ya Baku ni salama, umeme haukatiki, takataka zinazolewa. Ila nyaraka za Pandora zilizofichuliwa mwaka 2021 zilionyesha familia hiyo na washirika wake wa karibu wakihusika na biashara ya majumba Uingereza ya zaidi ya pauni milioni 400. Wenye nchi wenyewe, walipotaka kuweka pesa kwenye nyumba, walichagua London.

Na sarafu. Tarehe 21 Februari 2015, baada ya bei ya mafuta kuanguka duniani, benki kuu ilishusha manat kutoka 0.78 kwa dola hadi 1.05. Tarehe 21 Desemba mwaka huohuo ikaiachia, ikaanguka hadi 1.55. Aliyekuwa na fleti ya manat 100,000 mwezi Januari alikuwa na mali ya kama dola 127,000. Kufika mwaka mpya, fleti ileile kwa manat zilezile ilikuwa ya dola 64,500. Hakuna aliyevunja mlango wake. Tangu 2017 manat imeshikiliwa 1.70, na inaweza kushikiliwa muda mrefu bado, kwa kuwa mfuko wa mafuta wa taifa ulikuwa na kama dola bilioni 60 mwishoni mwa 2024. Lakini mafuta yanapungua. Mwaka 2010 walitoa karibu mapipa milioni moja kwa siku, na sasa hayafiki 600,000. Gesi inaziba sehemu ya pengo, hasa baada ya Umoja wa Ulaya kukubaliana nao Julai 2022 kuongeza ununuzi maradufu ili kuikwepa Urusi. Karibu asilimia 90 ya wanachouza nje bado ni mafuta na gesi. Bei ya fleti ya Baku, kwa hiyo, ni bei ya pipa iliyovaa nguo nyingine.

Ishara ya hilo iko kusini mwa mji, ufukweni. Kabla ya 2015 tajiri mmoja alitangaza mradi wa Khazar Islands, visiwa 41 vya kutengenezwa baharini, gharama dola bilioni 100, na katikati mnara wa mita 1,050 ambao ungeipita Burj Khalifa. Mafuta yalipoanguka bei, mradi ukakwama. Mnara haukujengwa.

Bahari yenyewe nayo haitulii. Kaspi haina njia ya kutokea kwenda baharini kuu, inategemea mito, na kama asilimia 80 ya maji yake yanatoka mto Volga wa Urusi. Baina ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na 1995 ilipanda kama mita mbili na nusu na kuingia majumbani mwa watu. Tangu hapo inashuka, na miaka ya karibuni inashuka kwa kasi kubwa, kwa joto linalozidi na Volga inayoleta maji machache. Serikali ya Azerbaijan imesema maji yameshuka kama mita moja na nusu katika miaka kumi, na bandari zimelazimika kuchimba mchanga ili meli zipite. Sisi tunahangaika na bahari inayokula kuta za nyumba za ufukweni. Wao wanauza nyumba za ufukweni ambazo bahari inazikimbia.

Kuna sababu za kuwa na matumaini, nisiwe wa kutia giza tu. Agosti 2025 Azerbaijan na Armenia zilikutana Washington na kukubaliana kuelekea amani, baada ya vita vya 2020 na operesheni ya Septemba 2023 iliyowafanya Waarmenia zaidi ya 100,000 kuihama Karabakh. Njia mpya ya mizigo kutoka China kwenda Ulaya inapita Kaspi kwa sababu ya vita vya Ukraine, na bandari ya Alat inapata kazi. Mwenye biashara ya usafirishaji atakuwa na hamu ya kuitazama Baku kwa jicho tofauti na mwenye akiba ya fleti moja. Jirani zao bado ni Urusi na Iran, lakini. Desemba 25, 2024, ndege ya abiria ya Azerbaijan iliyokuwa ikielekea Grozny ilipigwa ikiwa katika anga ya Urusi na kuangukia Kazakhstan, watu 38 wakafa, na Moscow ikachukua miezi kumi kukiri makombora yake yalihusika.

Kwa aliye Ghuba na ana wiki ya likizo: chukua ndege, Aprili au Mei kabla ya joto, epuka wiki ya Formula 1 ambayo siku hizi ni Septemba na hoteli hupandisha bei. Kwa anayetaka kununua, aende kwanza kama mtalii, akalale katika mtaa huohuo wa kwenye picha, apande ngazi za jengo lenyewe, amtafute wakili wake mwenyewe na si wa dalali, na aiombe kupça aione kwa macho kabla ya arubuni. Akijibiwa kwamba hati itatoka jengo likikamilika, ajue kuna wakazi wa Baku ambao majengo yao yalikamilika miaka mingi, watoto wao wameshaanza shule, na jibu wanalopewa ni hilohilo.